Jua la jukwaani: nani mwingine amechomeka akingoja mechi ya saa tisa?

Mzaliwa_wa_Jericho | Jumatatu, saa 2:10 asubuhi

Wadau, habari za asubuhi. Naomba nilitue hili hapa kwanza ndio niweze kufanya kazi leo.

Jana nilimpeleka mzee wangu mpirani. Ana miaka 71, ni Ingwe damu, yaani AFC Leopards, timu ya buluu na nyeupe, mtu aliyemwona nyota wa zamani Joe Kadenge akicheza City Stadium kwa macho yake mawili, na alikuwa hajakanyaga jukwaa tangu kabla ya korona. Tiketi za kivulini zilikuwa zimeisha, nikachukua za Russia, jukwaa lisilo na paa, mia tatu kila mtu. Mechi ni saa tisa. Kwa kuogopa msongamano wa getini tukafika saa tano kasoro. Uwanja sitautaja, hata sitaki mniulize.

Getini askari alichukua chupa zetu mbili za maji na mwavuli wa mzee. Mwavuli ukatupwa kwenye rundo la mingine. "Mtachukua mkitoka." Haya.

Tukapanda, tukakaa. Saruji ilikuwa imeshika moto, mzee akakunja koti lake akalikalia. Mwanzoni alikuwa anahadithia, ananionyesha walikokuwa wakikaa wapiga ngoma za isikuti zamani. Saa sita na kitu nikaona amenyamaza. Nikadhani ni uchovu wa safari. Wachezaji walipotoka kupasha misuli akanigeukia akaniuliza, "Hawa wa kijani ni kina nani?"

Mtu wa Ingwe, kwa miaka hamsini na zaidi, anauliza wa kijani, watani wetu wa jadi Gor Mahia, ni kina nani. Nilihisi baridi kwenye mgongo na jua lote lile.

Waliotuokoa ni hao hao wa kijani. Vijana watatu wa K'Ogalo walimbeba kushuka ngazi hadi chini ya jukwaa penye kivuli. Mmoja akavua jezi, akailowesha kwenye mfereji wa choo, akamfunika shingoni. Mwingine akampepea kwa bendera. Baada ya kama nusu saa alirudi kuwa mtu. Mechi aliisikiliza tu, amekaa chini ya ngazi, anabashiri kwa kelele za juu nani amekosa bao. Mwavuli hatukuupata.

Sasa naulizia: nyinyi mnaokaa wazi kila wiki mnafanyaje? Na kuna mtu anaweza kunieleza kwa nini maji ni silaha?

---

Shabiki_Sugu | saa 2:31 asubuhi

Pole sana kaka. Mwambie mzee pole pia. Ila hapo kwa kijani nimecheka, Mungu anisamehe.

---

Mwana_wa_Kisauni | saa 2:40 asubuhi

Nyie watu wa bara bwana. Jua la Nairobi ni la kuanikia nguo, nalo lawaangusha! Njooni huku kwetu Mombasa mwezi wa pili mketi uwanjani, ndipo mtajua joto ni nini. Mzee mpe pole zangu lakini.

---

Bendeji | saa 3:05 asubuhi

Mimi hujitolea huduma ya kwanza kwenye mechi na mikutano ya hadhara, miaka minane sasa. Mzaliwa, ulichoeleza si cha kucheka hata kidogo.

Kuna hatua mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni mwili kuchoka na joto: jasho jingi, kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kinagonga, ngozi ina unyevu na imepoa. Huyo mweke kivulini, mlaze, inua miguu, mpe maji kidogo kidogo, atarudi. Ya pili ni kiharusi cha joto: joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi na ubongo unaanza kupotea. Dalili yake kubwa ndiyo hiyo uliyoiona, mtu kuchanganyikiwa. Anauliza maswali ya ajabu, anakasirika bila sababu, anatembea kama mlevi. Ukiona hivyo usingoje. Ita ambulensi, na wakati inakuja mmwagie maji mwili mzima na kumpepea. Kitambaa chenye maji baridi weka shingoni, makwapani na kwenye mapaja kwa ndani. Kama hajielewi usimnyweshe kitu, atapaliwa.

Wale vijana walifanya vizuri kuliko watu wengi waliosomea. Lakini mzee aende kliniki wiki hii hata kama anasema yuko sawa. Na swali: anatumia dawa za presha?

---

Mzaliwa_wa_Jericho | saa 3:12 asubuhi

Anatumia. Moja ni ile ya kumkojoza. Na asubuhi alikataa chai ya pili ili asisumbuke kutafuta choo uwanjani.

---

Bendeji | saa 3:20 asubuhi

Basi umejijibu. Dawa ile hutoa maji mwilini, yeye akapunguza ya kuingia, halafu askari akachukua yaliyobaki. Asiache dawa, tafadhali. Amwambie daktari wake tu kwamba ana mpango wa kushinda juani, apewe ushauri.

---

PimaArdhi | saa 4:48 asubuhi

Nimesoma nikashindwa kunyamaza, maana kazi yangu ni ya kutwa juani na vyombo vya kupimia.

Ndugu yetu wa Kisauni ana haki kuhusu joto. Mombasa ina joto na unyevu, jasho halikauki. Ila Nairobi ina udanganyifu wake. Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na nyuzi moja na ushee tu kusini ya ikweta. Kila ukipanda mita elfu moja, ile miale ambayo mwalimu wa sayansi aliita ya urujuanimno (neno ambalo nililiandika mkononi ili nipite mtihani) huongezeka kwa takriban asilimia kumi, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Upepo wa hapa unakupoza, hutoki jasho la kutisha, unadhani uko salama. Ngozi na macho vinajua vingine. Kipimo cha miale hiyo kikifika 11 huitwa cha kupindukia, na adhuhuri za Februari na Machi hapa kwetu hupita hapo. Wingu jembamba nalo halikusaidii sana, miale mingi inapenya.

Jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui: jua letu la utosi halifiki saa sita. Saa ya Kenya imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko karibu na Mogadishu. Sisi tuko karibu nyuzi 37. Kwa hiyo jua linatufikia kichwani nusu saa hivi baadaye, na katikati ya Februari ni karibu saa saba kasorobo. Mtu anasema "saa saba jua limeanza kulegea", kumbe ndio kwanza limekaa juu ya kisogo chake.

Sasa chagueni viti kwa akili. Alasiri jua liko magharibi, kwa hiyo jukwaa la magharibi linaligeuzia mgongo na la mashariki linalitazama usoni. Ndiyo sababu wakubwa hujengewa upande wa magharibi, waangalieni viwanja vingi duniani. Wanaokaa nyuma ya magoli wana hesabu yao: Juni na Julai jua la mchana limeegemea kaskazini, kwa hiyo anayekaa upande wa kaskazini, ukuta ukiwa nyuma yake, anapata kivuli. Desemba ni kinyume. Lakini msitarajie makubwa. Hata Juni, adhuhuri, ukuta wa mita kumi unatupa kivuli cha mita nne na kitu. Safu chache za nyuma, basi. Na wiki ya tatu ya Machi au ya mwisho ya Septemba hakuna kaskazini wala kusini, linapita juu ya utosi wako moja kwa moja, kivuli unakikanyaga.

---

Shabiki_Sugu | saa 4:59 asubuhi

Yaani niende mpirani na dira?

---

PimaArdhi | saa 5:03 asubuhi

Nenda na kofia. Dira niachie mimi.

---

MamaKofia | saa 6:30 mchana

Mimi nauza nje ya viwanja, kofia, leso, maji, njugu. Nimesoma nikiwa kazini kwa hivyo mnisamehe herufi.

Watu wananunua kepi kwa sababu ya nembo ya timu. Kepi inalinda pua tu. Masikio na shingo vinabaki nje vinachomwa. Ninazo kofia za ukingo mpana lakini vijana wanasema ni za wazee wa kanisa. Kufika saa nane hao hao wamejifunga jezi kichwani kama kilemba. Leso nayo ni dawa, unailowesha unaweka shingoni, inakauka unailowesha tena. Ya rangi nyeupe ni bora kuliko nyeusi.

Ila kitu ambacho nyinyi hamsemi: mimi maji nauza hamsini nje ya geti, mteja anafika getini ananyang'anywa, huko ndani anauziwa hiyo hiyo chupa kwa mia na hamsini. Hapo sasa silaha imegeuka kuwa kinywaji.

---

Shabiki_Sugu | saa 6:33 mchana

Mama umeua. Silaha imegeuka kuwa kinywaji!

---

Geti_Namba_Mbili | saa 8:15 mchana

Nilikuwa askari wa uwanjani kwa misimu mitatu, kampuni sitaji na nilishaacha. Wacha niwape upande wetu kabla hamjatumaliza.

Chupa iliyojaa maji na kufungwa kifuniko inaruka kama jiwe. Nimeona msaidizi wa refa akipasuliwa kichwa. Mwavuli una ncha. Tunaambiwa asubuhi: chupa hapana, mwavuli hapana, na anayeruhusu anarudi nyumbani bila mshahara wa siku. Hakuna anayetuambia wazee tuwafanyeje.

Lakini nakubali kuna njia. Mechi moja msimamizi wetu alikuwa mama mmoja mwenye akili, akatuamuru tuchukue vifuniko tu. Chupa bila kifuniko ukiirusha maji yanakumwagikia wewe na jirani yako, na ikifika uwanjani ni tupu. Siku hiyo hatukuokota chupa hata kumi. Mechi iliyofuata alikuja msimamizi mwingine tukarudia yale yale.

---

KivuliChangu | saa 10:20 jioni

Mimi nina ualbino na ni shabiki wa mpira na raga. Kwangu hii si mada ya mara moja kwa mwaka.

Nikiwa mdogo pale Buru nilidanganywa kwamba jua la asubuhi halina neno. Nikashinda kwenye mashindano ya shule kuanzia saa nne hadi saa nane, nikalala kifudifudi siku tatu. Tangu hapo nina taratibu zangu. Losheni naipata bure kupitia mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Naipaka dakika ishirini kabla ya kutoka na kuirudia kila baada ya saa mbili, maana jasho linaiondoa. Mikono mirefu, kofia pana, miwani. Na lazima tiketi ya kivulini. Marafiki huniita sonko kwa sababu nakaa VIP. Nalipa mara tatu ya wanacholipa wao ili nipate paa, si ili nipate soda.

Na niwaambie nyinyi wenye ngozi nyeusi, melanini ni mwavuli mzuri lakini una matundu. Macho hayana melanini ya kutosha ya kuwalinda. Ile nyama inayoota pembeni ya jicho kwa waendesha boda na wachuuzi, jua lina mkono wake pale.

Hispania kwenye viwanja vya kupigana na mafahali wanaandika kabisa kwenye tiketi, hii ya jua, hii ya kivuli, na ya jua ni rahisi. Sisi tunafanya vivyo hivyo, tofauti ni kwamba hatuandiki.

---

Ngong_Road | saa 11:02 jioni

Raga naona tuna nafuu kidogo. Pale uwanja wa raga wa RFUEA jukwaa kuu lina paa na ukikaa upande wa pili angalau kuna uhuru wa kuzunguka. Shida yetu ni wikendi za wachezaji saba, siku mbili mfululizo, mechi fupi fupi kuanzia asubuhi, halafu mtu anajipoza kwa bia. Bia haipozi. Jumatatu ofisini utawatambua mashabiki wote kwa alama ya miwani usoni.

---

Toyoyo7 | saa 1:45 usiku

Mnawaonea huruma waliokaa. Mtuonee na sisi tunaocheza kwenye nyasi bandia. Ile plastiki na vile vijipira vyeusi vikipigwa na jua vinaweza kupita nyuzi 60. Njumu inapata moto hadi unyayo unahisi umekanyaga kikaango. Tulicheza uwanja wa Toyoyo mechi ya saa saba mwezi wa pili, kipa wetu alikuwa anahama kutoka mguu mmoja hadi mwingine kama korongo.

Mashindano ya Dunia ya Klabu Marekani, Juni 2025, Dortmund walipocheza na Mamelodi Sundowns kule Cincinnati, wachezaji wa akiba wa Wajerumani walitazama kipindi cha kwanza wakiwa chumba cha kubadilishia nguo kwa sababu benchi lilikuwa juani. Sisi tungefanya hivyo tungeambiwa tumeogopa.

---

Mwana_wa_Kisauni | saa 2:00 usiku

Narudi kwa unyenyekevu. Nimemsoma huyo mpima ardhi mara mbili. Sikujua hilo la mwinuko. Kumbe ndiyo maana nikija Nairobi midomo yapasuka.

---

Kasarani_Kwetu | saa 2:26 usiku

Tulieni, uwanja mpya wa Talanta unakuja. Viti 60,000 pale Jamhuri, na una paa. AFCON 2027 tutakaa kivulini wote kama mabalozi.

---

Mzaliwa_wa_Jericho | saa 3:10 usiku

Kasarani, nimefikiria hilo la paa leo kutwa nikiwa kazini, na naona halimgusi mzee wangu.

Hesabu tena. Mpira wenyewe ni dakika tisini na mapumziko robo saa. Mzee hakuangushwa na mpira, hata haukuwa umeanza. Tulikuwa juani kuanzia saa tano kasoro hadi saa nane, na humo mna foleni ya dakika arobaini nje ya geti ambako hakuna mti wala turubai. Paa la Talanta litafunika viti. Foleni nani ataifunika? Kilichomuua nguvu ni kungoja, na tunangoja kwa sababu kila mtu anajua ukifika saa nane geti litakuwa vita, marungu, watu kukanyagana. Kwa hiyo tunakuja asubuhi. Wote tukija asubuhi, tunakaa juani masaa manne ili tuone saa mbili.

Fikirieni CHAN ya Agosti 2025, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Tuliwapiga Morocco 1-0 pale Kasarani, alasiri, na watu walikuwa wameshinda pale tangu asubuhi. Kwa nini hatukuanguka ovyo? Agosti ni baridi, wengi tulikuwa na jaketi. Tukajisifu kwamba tumezoea. Ile ile ratiba iweke Februari uone.

---

Geti_Namba_Mbili | saa 3:22 usiku

Kweli tupu. Na mageti yakiwa manane, siku nyingi yanafunguliwa matatu.

---

Fundi_Mabati | saa 3:50 usiku

Na paa lenyewe msilichukulie poa. Mabati matupu, ya chini, bila dari, ni jiko la mkate. Yanakukinga miale lakini yanakumwagia joto kichwani kuanzia saa saba. Paa la jukwaa linataka kuwa juu, upepo upite chini yake, na lipakwe rangi nyeupe. Nimejenga majukwaa ya shule mawili, la kwanza nilikosea, watoto walikuwa wanatoka kivulini wanaenda kukaa juani.

Mji huu ndio ulioita kazi yetu jua kali. Tungekuwa wa kwanza kujua kivuli kinajengwaje.

---

Shabiki_Sugu | Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Swali dogo. Crusade za kanisa na mikutano ya siasa watu hujaa na miavuli ya kila rangi, hakuna anayechukua. Mpirani tu ndio inageuka mkuki?

---

Bendeji | saa 1:40 asubuhi

Kanisani hakuna anayefunga bao mbele yako. Mwavuli wa mtu wa safu ya tatu ni ukuta wa safu ya nne, nimeamua ugomvi mwingi wa hivyo. Ndiyo maana nasema kofia na leso. Na maji yaruhusiwe hata kama ni kwa chupa iliyo wazi. Mfereji uwepo kila upande, si ule mmoja wa chooni aliotumia yule kijana.

---

Mzaliwa_wa_Jericho | Alhamisi, saa 12:50 jioni

Narudi na ripoti. Kliniki wamempima, presha imetulia, figo ziko salama. Daktari amembadilishia saa za kumeza ile dawa siku akiwa na safari, na akamgombeza kuhusu chai.

Nikamwambia mzee nimepata njia ya kumnunulia tiketi ya VIP mechi ijayo. Amekataa. Anasema kule watu hukaa wamekunja mikono kama wako mazishini, na isikuti haisikiki vizuri. Anataka Russia. Tumeelewana hivi: tunatoka nyumbani saa saba na nusu, tukikosa kuingia turudi tukatazame kwa runinga, safu ya juu kabisa upande wa magharibi, kama PimaArdhi alivyosema, leso iliyoloweshwa, na kofia pana.

MamaKofia, hapo ndipo nakuhitaji. Nilipita kwako jana ukanionyesha moja inayomtosha, kichwa chake ni kikubwa. Nimempelekea picha. Hataki kuiona. Ni ya kijani.

---

MamaKofia | saa 1:05 usiku

Kijani ndiyo iliyobaki kwa saizi hiyo. Mwambie ni ya kijani cha majani, si ya timu.

---

Mzaliwa_wa_Jericho | saa 1:11 usiku

Nimemwambia. Amesema heri azirai tena.

---

MamaKofia | saa 1:20 usiku

Basi Jumamosi nitapita soko la Gikomba nimtafutie ya buluu. Mia tatu na hamsini, na simpunguzii, kwa maana ananipeleka Gikomba Jumamosi.